Nani kasema mageuko ya viumbe ni hadithi za nyani? Njooni muone tone la damu la Kanda ya Ziwa

#1 Zamu ya Usiku (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Juzi nilikuwa msibani kijijini. Tumekaa nje na wazee, shemeji yangu akanivaa: eti sisi tuliosoma sayansi tunawafundisha watoto kwamba babu yao alikuwa nyani. Watu wakacheka. Nikanyamaza, maana msibani si mahali pa mabishano, lakini njia nzima ya kurudi mjini nilikuwa namjibu kichwani. Uzi huu ndio jibu lenyewe, na sitaanza na nyani. Naanza na kioo cha slaidi.

Mimi ni mtu wa maabara huku Kanda ya Ziwa, mwaka wa kumi na mbili sasa. Kipimo cha kizamani cha selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, kinakwenda hivi: unachoma kidole, unaweka tone la damu kwenye slaidi, unalichanganya na tone la sodiamu metabaisulfaiti, kemikali inayomaliza oksijeni iliyomo. Unafunika na kioo chembamba, unaziba pembeni kwa mafuta ya mgando ili hewa isipenye, halafu unakwenda kunywa chai. Nusu saa baadaye unarudi kwenye hadubini. Damu ya kawaida utaikuta kama ulivyoiacha, seli za duara kama vitumbua vilivyobonyea katikati. Damu yenye selimundu imeshaharibika umbo. Seli moja imechongoka ncha, nyingine imejikunja, nyingine imepinda kabisa kama mundu wa kuvunia mpunga. Jina lilitoka hapo hapo.

Sasa kitendawili. Mtoto aliyerithi jeni ya selimundu (jeni ni kipande cha maelekezo ya mwili tunachorithi) kwa baba na kwa mama, enzi ambazo hakukuwa na dawa, mara nyingi alizikwa kabla ya kuanza kukimbia na wenzake. Jeni inayoua watu kabla hawajazaa ilitakiwa iwe imeshafutika zamani sana. Mbona ipo? Na mbona ipo kwa wingi hivi, hadi kila wiki nakutana nayo kwa wavuvi na wakulima wazima, watu wenye afya kunizidi mimi?

Nawaachia kwanza. Narudi nikimaliza foleni.

#2 Siti ya Dirishani

Nimeshakaa siti ya mbele, na karanga ninazo. Ngoja waje wataalamu.

#3 Mzee wa Gahawa

Mkuu umeanza vizuri na damu, ila naona unakotupeleka. Mungu kaumba kila kiumbe kwa namna yake. Hayo magonjwa ya damu ni ya kurithi kwenye koo, wazee wetu walikuwa wanachunguza ukoo kabla ya kuoa. Mageuko yanaingiaje hapo?

#4 Binti PCB

Jibu nalijua, lipo kwenye notsi za kidato cha sita, ila simharibii mleta mada. Kidokezo: linapenda madimbwi.

#5 Zamu ya Usiku

Binti umeshaharibu, lakini sawa.

Mzee wa Gahawa, imani yako siigusi, mimi naeleza ninachokiona chini ya hadubini. Tena hilo la wazee kuchunguza ukoo umenena kweli, maana ndiyo nusu ya somo: vitu vinarithiwa, na watu hawarithi sawa.

Tuanzie hapo. Vinasaba vya mtu ni kama maandishi marefu ya herufi nne tu, takriban bilioni tatu kwa seti moja, na kila mmoja wetu ana seti mbili, ya mama na ya baba. Ukifika wakati wa kutengeneza yai au mbegu, seti hizo zinachanganywa kama karata kabla ya kugawiwa. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja hawafanani isipokuwa mapacha wa kufanana. Halafu kuna makosa ya kunakili. Kila mtoto anazaliwa na herufi mpya kati ya 60 na 70 hivi ambazo baba hana na mama hana. Nyingi hazifanyi lolote. Chache zinaharibu. Mara moja moja sana, moja inaangukia mahali penye maana.

Selimundu ni herufi moja. Narudia, moja. Kwenye kromosomu ya 11 kuna jeni ya hemoglobini, ile protini inayobeba oksijeni. Mahali fulani palipoandikwa GAG pameandikwa GTG. Matokeo yake, kwenye mnyororo wenye asidi amino 146, vile vipande vinavyojenga protini, ile ya sita ambayo ilitakiwa kuwa glutamiki inakuwa valini. Mwanasayansi Vernon Ingram aligundua hilo Cambridge kati ya mwaka 1956 na 1957, na kabla yake mkemia Linus Pauling na wenzake walishaonyesha mwaka 1949 kwamba hemoglobini ya wagonjwa ni tofauti kwa asili yake. Valini hiyo inanata. Oksijeni ikipungua, hemoglobini zinashikana, zinajipanga fimbo fimbo na kuisukuma seli kutoka ndani mpaka inapinda. Seli iliyopinda haipiti kwenye mshipa mwembamba. Hapo ndipo maumivu yanapoanzia.

Na jambo moja watu wengi hulikosea: kosa hilo halikutokea kwa sababu kuna mtu alilihitaji. Lilitokea tu. Kilichofuata ndicho chenye sababu.

#6 Pwani na Bara

Mimi niko Kenya, nyumbani Kilifi ila nafanya kazi Nakuru. Nangojea ufike kwa yule daktari wa Gilgil, ama nimtaje mimi?

#7 Zamu ya Usiku

Mtaje, ndugu yangu. Ni wa kwenu.

#8 Pwani na Bara

Haya. Anthony Allison alizaliwa Afrika Kusini mwaka 1925 lakini amekulia Kenya, sehemu za Gilgil, kwenye shamba la babake. Mwaka 1949, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari Oxford, alikuja na msafara wa chuo chake uliokuwa unaelekea Mlima Kenya. Wenzake walikuwa na shughuli zao za mimea na wadudu, yeye akawa anazunguka akikusanya damu za makabila mbalimbali. Alikuwa anatafuta makundi ya damu, akaongeza na kipimo cha selimundu.

Alichokipata ni kama mtu amechora ramani. Pwani kwetu na kandokando ya Ziwa Victoria, wenye jeni walikuwa zaidi ya 20 katika kila watu 100. Nyanda za juu, hawafiki hata mmoja. Haikufuata lugha wala kabila, ilifuata mwinuko. Na huku kwetu kila mtu anajua nini kingine hufuata mwinuko. Bibi yangu alikuwa akija Nakuru hata neti haulizi.

#9 Zamu ya Usiku

Mbu. Asante sana.

Naongezea kipande alichokiacha. Allison alimaliza kwanza masomo, akarudi mwaka 1953. Karibu na Kampala alipima watoto 290. Kati ya 43 waliokuwa na jeni moja ya selimundu, 12 walikutwa na vijidudu vya malaria. Kati ya 247 wasiokuwa nayo, 113 walikutwa navyo. Ukipiga asilimia ni kama 28 kwa 46. Halafu akafanya jambo ambalo leo kamati ya maadili ingemfukuza mlangoni: aliwachukua wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea, 15 wenye jeni na 15 wasio nayo, akawaambukiza malaria makusudi na kuwatibu baadaye. Wasio na jeni, 14 walipata vijidudu. Wenye jeni, 2. Alichapisha mwaka 1954. Tafiti za baadaye, zikiwemo za huko Kilifi kwa ndugu yetu, zimeonyesha kwamba kinachozuiwa hasa ni malaria kali, ile ya kupoteza fahamu na kuishiwa damu.

Inazuiaje? Kijidudu cha malaria kinaishi ndani ya seli nyekundu na kinatumia oksijeni. Mtu mwenye jeni moja, seli zake kwa kawaida ziko sawa, lakini ile iliyoingiliwa na mdudu inapinda upesi, na bandama ikiiona imekaa vibaya inaiondoa na mdudu wake ndani. Ni kama nyumba inayomwangukia mwizi. Kuna njia nyingine pia, lakini hii inatosha kwa leo.

Angalizo kabla sijasahau: kuwa na jeni moja si chanjo. Bado utaugua malaria, bado ulale kwenye chandarua. Na mwenye jeni zote mbili, yaani mgonjwa, malaria kwake ni hatari kubwa zaidi.

#10 Binti PCB

Naomba nilete hesabu, hii ndiyo ilinifanya nilipende somo. Hakuna fomula, ni kuhesabu watu.

Jeni ya kawaida iite A, ya selimundu iite S. Chukua kijiji ambacho katika kila nakala 10 za jeni, moja ni S. Wakizaa bila kuchaguana kwa jeni, katika watoto 100 utapata AA 81, AS 18, SS 1.

Yule mmoja wa SS, enzi za zamani, hafiki kuzaa. Sasa tuseme malaria kali inaondoka na watoto 9 kati ya wale 81 wa AA, na wale wa AS wanapona wote. Wamebaki AA 72 na AS 18, jumla 90. Watu 90 wana nakala 180. Nakala za S ni 18. Ni moja katika kila kumi, vilevile ilivyokuwa!

Kizazi kinachofuata kinaanza pale pale. S haiongezeki, haipungui. Toa malaria kijijini, wale 9 wakabaki hai, S inaanza kushuka taratibu. Zidisha malaria, inapanda. Kwa Baamba wa Bwamba, Uganda, magharibi kule kwenye joto na mbu wengi, waliobeba jeni walikutwa karibu 4 kati ya 10.

#11 Siti ya Dirishani

Karanga zimeniishia ghafla. Watoto 9 na mmoja. Yaani hesabu imekaa sawa kwa sababu watu wanakufa pande zote mbili?

#12 Zamu ya Usiku

Ndiyo. Na hapo ndipo ninapogombana na vitabu vya shule vinavyochora mageuko kama ngazi, kiumbe kinapanda kutoka duni kwenda bora. Ngazi hakuna. Kuna mizani, na mahali ulipo ndipo panapoamua upande upi mzito. S ni ngao ukiwa Ukerewe, ni mzigo mtupu ukiwa Chicago. Wamarekani Weusi, kwa wastani mmoja kati ya 13 bado anabeba jeni hii, urithi wa mababu waliovushwa bahari kwa minyororo, wakati malaria kule ilishatokomezwa. Faida imebaki Afrika, gharama wameondoka nayo.

#13 Mama Wawili

Samahanini, mimi si msomi wa haya mambo. Nimeingia kwa sababu ya neno selimundu.

Mwanangu wa pili alipofika miezi minane vidole vya mikono na miguu vilivimba vyote, ukimgusa anapiga kelele. Kituo cha kwanza wakaniambia ni meno. Cha pili wakanipa dawa ya minyoo. Jirani akasema jicho. Miezi mitatu nazunguka naye mgongoni, mpaka binti mmoja wa mafunzo, bado anavaa sare ya wanafunzi, akaniuliza, "Mama, huyu ameshapimwa selimundu?" Sasa ana miaka tisa, anatumia haidroksiyurea na foliki, kuna mwezi anakosa shule wiki nzima na kuna miezi mitatu hakosi hata siku moja.

Nimesoma hesabu za huyo binti mara mbili. Yule SS mmoja aliyeandikwa pale ni mwanangu. Kwa hiyo mwanangu ndiye gharama ya kuwalinda wengine? Ndivyo sayansi inavyosema?

#14 Binti PCB

Mama nisamehe. Niliandika kama swali la mtihani.

#15 Zamu ya Usiku

Mama Wawili, shikamoo. Hapana, sayansi haisemi hivyo, na kosa ni la lugha tunayoitumia. Tunaita "uchaguzi wa asili". Neno uchaguzi linatuponza, mtu anafikiri kuna tume imekaa mahali inahesabu nani abaki nani aondoke. Hakuna tume, hakuna anayechagua. Hakuna aliyemtoa mwanao ili mwingine apone. Wewe na baba wa mtoto mna jeni moja moja, inawezekana kila mmoja wenu yuko hai kwa sababu ya hiyo jeni, maana mmekulia kwenye mbu. Mmekutana, mmependana, karata zimegawiwa.

Na hapo niseme jambo ambalo nalirudia dirishani kila siku. Baba AS na mama AS, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya SS, mbili kati ya nne za AS, moja kati ya nne ya AA. Kila mimba upya. Watu hudhani wakishapata mmoja mgonjwa, watatu wanaofuata wako salama. Karata hazikumbuki.

Hiyo miezi minane uliyoitaja si bahati mbaya pia. Mtoto tumboni anatumia hemoglobini nyingine, ya kitoto, ambayo haina kosa hilo. Inaendelea kumlinda mpaka kama miezi sita, ikipungua ndipo vidole vinaanza kuvimba. Haidroksiyurea anayoitumia kazi yake kubwa ni kuiamsha tena hiyo hemoglobini ya kitoto. Hata ile tiba mpya ya kuhariri jeni, Casgevy, iliyoruhusiwa Uingereza na Marekani mwaka 2023, imepita mlango huo huo: haigusi herufi iliyokosewa, inazima swichi inayoizuia hemoglobini ya kitoto. Bei yake Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, kwa hiyo tuendelee na vidonge.

#16 Mama Wawili

Marahaba mwanangu. Nimeelewa. Hiyo ya karata hazikumbuki ningeambiwa mapema.

#17 Mzee wa Gahawa

Pole sana mama. Nimesoma kimya kimya.

Mleta mada, nikubali hilo la damu. Lakini mtu bado ni mtu. Hajageuka kitu kingine. Na kama nyani walikuwa watu, hawa wa porini mbona wamebaki nyani?

#18 Zamu ya Usiku

La nyani fupi: hakuna anayesema nyani wa leo aligeuka mtu. Sokwe ni binamu, si babu. Tuna mzee mmoja wa pamoja aliyeishi miaka milioni sita, saba hivi iliyopita, ukoo ukagawanyika. Binamu yako wa Tabora hajafa kwa sababu wewe umehamia Mwanza.

La kugeuka kitu kingine, tembea hadi mwaloni. Furu, wale samaki wadogo ambao zamani kila nyumba ilikaanga kabla sangara hajaletwa, ndani ya Ziwa Victoria walikuwa aina kama 500. Mmoja anakwangua mwani kwenye mawe, mwingine anavunja konokono, mwingine anakula mayai ya wenzake, na kila mmoja taya na meno yake ni ya kazi yake. Na ziwa hili, kwa matope yaliyochimbwa chini yake, lilikauka takriban miaka 15,000 iliyopita. Kwa hesabu za miamba hiyo ni juzi. Hazina ya tofauti walikuja nayo mababu zao kutoka mito na maziwa mengine, ziwa lilipojaa kila kundi likashika pembe yake.

Kama hata hilo ni la zamani mno, angalia kabati lako la dawa. Klorokwini, ile dawa ya zamani ya malaria, iliondolewa Tanzania mwaka 2001 kwa sababu vijidudu vilikuwa haviiogopi tena. Ikaja SP, dawa nyingine ya malaria, nayo ikachakaa. Mwaka 2006 tukahamia mseto, dawa mbili za malaria kwa pamoja. Yote hayo umeyaona kwa macho yako, mzee.

#19 Mzee wa Gahawa

Klorokwini naikumbuka kwa ule mwasho! Sasa dawa ndiyo iliyowafundisha wadudu ujanja?

#20 Zamu ya Usiku

Haikuwafundisha. Kati ya mabilioni ya vijidudu, wachache tayari walikuwa na kosa la kunakili lililowasaidia kuitema dawa nje. Dawa ikawaua wenzao wote, shamba likabaki lao. Malawi waliiacha klorokwini mapema, mwaka 1993, na miaka ya mbele walipopima wakakuta vijidudu vinavyokufa kwa klorokwini vimerudi tele. Dawa ilipoondoka, lile kosa likawa mzigo. Mizani ile ile ya S. Na sasa huku Kagera na ng'ambo Rwanda kumeonekana vijidudu vyenye mabadiliko kwenye jeni iitwayo Kelch, ambavyo vinachelewa kufa kwa mseto. Ndiyo maana nakasirika nikimwona mtu anameza dozi nusu halafu anamwachia jirani nyingine.

#21 Pwani na Bara

Na maziwa je? Kuna majamaa hapa kazini, Mmaasai anakunywa lita nzima, mimi kikombe kimoja tumbo linanguruma.

#22 Binti PCB

Hiyo nayo ni herufi moja! Mwaka 2007 kundi la mtafiti wa vinasaba Sarah Tishkoff lilionyesha kwamba wafugaji wa Kenya na Tanzania wana badiliko lao linaloacha kimeng'enya cha maziwa kikifanya kazi hadi ukubwani, na si lile la Wazungu. Herufi tofauti, mahali karibu karibu, kazi ile ile. Ng'ombe walifika, badiliko lililokuwepo likapata kazi.

#23 Mzee wa Gahawa

Mleta mada, tuache ubishi kidogo. Mjukuu wangu anaoa Desemba. Ukoo wa mama yake walikuwa wanazika watoto wadogo, tukawa tunasema ni mkono wa mtu. Hicho kipimo cha kioo kinamtosha?

#24 Zamu ya Usiku

Kioo kitasema kama S ipo au haipo. Hakitofautishi AS na SS, kwa hiyo kikionyesha mundu mwombe daktari amwandikie elektroforesisi ya hemoglobini, ile inatenganisha moja kwa moja. Na asije peke yake. Aje na mchumba wake, wote wawili wachomwe vidole siku moja, maana mmoja akikutwa na S, jibu lake peke yake halitoshi kuniambia watoto watakuwaje.

#25 Mzee wa Gahawa

Nitawaleta mwenyewe. Na mimi unaweza kunipima kwa umri huu?

#26 Zamu ya Usiku

Nakupima, mzee. Njoo umekunywa gahawa yako kabisa, kipimo hiki hakina kufunga.

#27 Mzee wa Gahawa

Ila sindano ndogo.